Zimwi la Alama Themanini na Nne

Geti la hospitali lilimwita mama yangu zimwi mbele ya watu. Lilisema kwa sauti nzuri ya kike, halafu likaomba samahani.

"Kreszensia Ngonyani, Ghala linakutambua kama zimwi, aina ya mla maiti. Kwa usalama wa wagonjwa, tafadhali rudi nyuma. Samahani kwa usumbufu."

Foleni ikapasuka. Waliokuwa wanatupumulia mgongoni wakawa mbali ghafla. Mama yeye alicheka. Alidhani geti linamtania. Sisi ni Wangoni tunaoishi Iringa katikati ya Wahehe, na Wahehe ni watani wetu. Mama amezoea kutukanwa kuanzia sokoni mpaka kanisani, na yeye huwarudishia na nyongeza juu, hasa ule utani kwamba Wahehe wanakula mbwa.

"Na wewe geti ni Mhehe?" akaliuliza. "Mbwa umeshamla leo au bado yuko jikoni?"

Geti halikufunguka.

"Otmar," akaniambia, "limeharibika hili. Ligonge."

Nikalipiga teke. Halafu nikaliuliza kwa ukali, kama unavyomuuliza mtu: "Nani kakwambia mama yangu ni zimwi?"

Mashine ukiiuliza chanzo lazima itaje. Hiyo ni sheria.

"Chanzo ni kazi ya mwisho ya mwanafunzi Nehemia Kihwele, somo la Mazimwi na Uandishi wa Utafiti, Chuo cha Mkimbizi Juu. Alama themanini na nne."

Mama aliposikia jina akaacha kucheka. "Nehemia? Mjukuu wa marehemu mzee Kihwele? Si nilimzika babu yake mimi?"

Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa khanga. Sukari ilishamtoboa kidonda chini ya kidole gumba, na kilianza kunuka. Daktari alishatuambia kwa simu: asafishwe mapema, la sivyo mguu unaondoka. Tukaenda duka la dawa, shata likashuka lenyewe kabla hatujafika mlangoni. Tukasimamisha basi, likapita. Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani, na njia nzima alikuwa ananiambia nisikanyage kwa kishindo.

Nieleze kidogo, maana kuna watu hawajui geti linatoa wapi akili. Zamani mashine ziliamini picha na sauti na kila takataka ya mtandaoni. Wajanja wakatengeneza picha za uongo na sauti za uongo mpaka mashine za benki, za polisi na za hospitali zikawa hazijui nani yu hai na nani kafa. Ndipo wakubwa wakapitisha kwamba mashine isiamini kitu mpaka mwanafunzi wa chuo akichunguze, akiandike, na mwalimu mwenye damu akisome na kukiandikia alama kwa mkono wake. Kazi ikivuka sabini inaingia Ghalani. Kukicha, kila geti na kila duka na kila basi linasoma Ghala na kuamini. Ukitaka kufuta kilichoingia, andika kazi nyingine kwenye somo hilohilo, ipate alama kubwa zaidi. Au aliyeandika aiondoe mwenyewe, au akiri mbele ya mwalimu wake kwamba ni ya uongo, na kwa vyovyote anapoteza cheti chake.

Kwa hiyo ukitaka kujua nani anaongoza nchi hii, usihangaike na ikulu. Nenda kantini ya chuo, waangalie wanavyokopiana asaimenti.

*

Kazi ya Nehemia haikufichwa. Niliisikiliza kwenye simu, mama yuko kitandani, mguu juu ya mto. Mle ndani ilikuwemo sauti ya mama mwenyewe.

"Nimemla mimi huyu! Mzee alikuwa mgumu, nimemtafuna tangu asubuhi! Leteni chumvi!"

Kimya. Halafu mzee mmoja wa Kihehe: "Huyu mama anakula watu, tumeshamzoea. Mtaa wote kaumaliza." Kimya. Mzee wa pili: "Tukizika usiku anafukua. Mfungeni kamba."

Mimi nilikuwepo kwenye ule msiba. Mama alivaa koti la marehemu, akashika mkongojo wake, akatembea kama yeye na kukohoa kama yeye, akamgombeza mjane kuhusu ugali kuwa mbichi. Akaingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka aletewe kuku. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Watu wamelia mpaka sura zimevimba, mtani anakuja anawachekesha ili wapate nguvu ya kumfukia mtu wao. Bibi Kihwele, mke wa marehemu, alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Nehemia naye alikuwa palepale ameshika simu. Nilidhani anamrekodi babu yake kwa mara ya mwisho.

"Labda mtoto hakujua," mama akasema. "Siku hizi hawafundishwi utani."

"Mama, kakata kicheko."

"Kicheko gani?"

"Watu walikuwa wanacheka. Kila ulipomaliza sentensi walicheka. Sikiliza, hakuna. Amekitoa."

Nikamrudishia pale. Akasikiliza na kile kimya kilichowekwa mahali pa kicheko. Akauangalia mguu wake.

"Basi alijua," akasema.

Kesho yake nikaenda kujiandikisha chuo.

*

Shule niliacha kidato cha pili kwa sababu nilichoka kukaa. Chuo siku hizi hakikatai mtu, nchi ina njaa ya waandishi. Unaweka kidole, unapewa kiti. Nikawa mwanafunzi wa Mazimwi na Uandishi wa Utafiti, na mikono yangu ya fundi betri bado inanuka asidi.

Dokta Rukia Mhando ndiye aliyekuwa anafundisha. Mwanamke mfupi, sauti kali kama filimbi, hakai chini.

"Hatusomi mazimwi ili tutishane," alisema siku ya kwanza. "Zimwi ni kitu ambacho watu walikiogopa kabla ya kukichunguza. Kazi yenu ni kuchunguza. Asaimenti ya kwanza, chagua zimwi ulieleze. Ya pili, vyanzo: sauti tatu za watu walio hai, wanaosema wanachokijua. Ya tatu, hoja. Ya mwisho unasimama hapa mbele unatetea, mimi nasahihisha palepale. Msaidizi wangu atasahihisha zile ndogo. Nehemia, simama wakuone."

Akasimama. Shati safi, miwani midogo. Kazi ile ya mama ndiyo iliyompa ajira, nilikuja kujua baadaye. Macho yakapita kwangu, yakarudi, yakakwama.

Asaimenti ya kwanza niliandika kuhusu zimwi linalokula watu kwa karatasi. Halina meno, lina miwani. Sikutaja jina. Ilirudi na thelathini na nane, na mwandiko mwekundu pembeni: *Hasira si chanzo. Nani mwingine amelishuhudia?*

Nilimkuta Nehemia nje ya kantini.

"Umesoma kazi yangu?"

"Mtani," akasema chini chini, "hapa sio mahali."

"Usiniite mtani. Mama anaoza mguu kwa ajili yako. Iondoe ile kazi."

"Nikiiondoa cheti kinafutwa. Kazi inaondoka. Otmar, nina Bibi ndani. Moyo wake ule, kila wiki nampeleka hospitali. Nani atamlisha?"

"Mimi nina mama ndani."

Akavua miwani akaifuta. "Nilidhani ingekaa kwenye kabati tu, bwana. Mazimwi! Nani anaamini mazimwi?"

"Geti."

"Basi andika kazi ya kumsafisha. Uko darasani, una haki. Ukipata themanini na tano, yangu inaanguka. Nitakusaidia na mpangilio."

Yaani alitaka kunifundisha mpangilio. Nilitaka kumvunja pua. Niliondoka kwa sababu walinzi wa chuo nao wanasoma Ghala, na kwa familia moja zimwi mmoja alishatosha.

*

Lakini wazo lenyewe halikuwa baya. Nikachukua kinasa sauti nikaenda kwa wale wazee wawili wa Kihehe, waliosikika kwenye kazi ya Nehemia. Nilihitaji waseme neno moja tu: tulikuwa tunatania.

Wa kwanza alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Nikamweleza vizuri, nikamwonyesha na picha ya kidonda. Akaitazama.

"Eee. Kwa hiyo wamemfungia?"

"Ndiyo, mzee. Nahitaji useme ukweli kuhusu siku ile."

"Ukweli?" Akainama kwenye kinasa sauti. "Wamechelewa! Mngoni yule alitakiwa afungiwe tangu anazaliwa. Na huyu mwanawe mwangalieni, anayakodolea macho mahindi yangu."

"Mzee, nakuomba. Kwa dhati."

"Kwa dhati kabisa. Mfungieni na huyu."

Alivyoona nimekasirika akaniongezea debe la mahindi nimpelekee mama, na kuku. Kuku mzima. Lakini neno nililolitaka hakulitoa, na wa pili hivyo hivyo. Kwao kumsemea mtani wako kwa unyenyekevu, "jamani yule mama ni mtu mwema," ni kama kumwambia utani wenu umekufa. Walimpenda mama kiasi kwamba hawakuweza kumsafisha. Kila walichosema kwenye kinasa sauti kilizidi kumzika.

Nikabaki na Bibi Kihwele. Nehemia alikuwa chuoni. Bibi alikuwa kitandani mlango wazi, kakonda, anahema kwa vituo.

"Karibu, mwizi," akasema. "Umekuja kuiba nini? Godoro limechakaa."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mama yako hajafa tu?"

"Bado, Bibi. Anakusubiri wewe utangulie, akule."

Akacheka, akakohoa, akafurahi. Nikawasha kinasa sauti. Nikamuuliza siku ile mama alikuwa anafanya nini msibani.

"Alimla mume wangu! Hata mfupa hakunibakizia!"

Nikakaa kwenye kigoda nikajiona mjinga. Halafu nikamuuliza swali jingine, sijui lilitoka wapi. "Na Nehemia je, Bibi? Anakutunza?"

Bibi na mjukuu wake ni watani pia, kila mtu anajua.

"Nani, yule? Zimwi lile!" Akajiinua kwa kiwiko. "Linaninyonya damu. Linanipa uji kidogo nife upesi lirithi nyumba. Usiku linakaa hapo mlangoni linanitazama kama ninahema. Liandike, mwanangu. Lina macho manne!"

Kinasa sauti kilikuwa kinawaka taa nyekundu. Nikakitazama.

Nikarudi kwa wale wazee nikawauliza habari za Nehemia. Walifurahi mno. Huyo mtoto alikula hata jogoo wa baba mdogo. Huyo alizaliwa na meno. Nikafika nyumbani na sauti tatu, watu walio hai, wote wanasema jambo moja. Nikakaa mezani nikaanza kukata kicheko. Ni kazi ya kuchosha. Unakata, unasikiliza, unakata. Mama akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia asaimenti.

*

Siku ya kutetea ukumbi ulijaa. Kinasa sauti cha chuo kilikuwa juu ya meza ya mbele, kila linalosemwa humo linaingia kwenye kumbukumbu ya kazi inayotetewa. Dokta Mhando alishika kalamu. Nehemia alikaa kando yake.

Nikasimama. "Zimwi langu linaitwa Nehemia Kihwele," nikasema.

Nikawasikilizisha bibi yake. Nikawasikilizisha wazee. Nikasoma hoja yangu, nilishaifanyia mazoezi mbele ya betri za wateja. Zimwi hili hula ndugu zake pole pole. Makao yake ni vyuoni. Lisiruhusiwe hospitali, lisiruhusiwe kwenye basi, lisikaribie wazee.

Dokta alisikiliza mpaka mwisho.

"Sauti tatu," akasema. "Zinakubaliana. Hoja inasimama. Msaidizi, kabla sijaandika alama, una pingamizi? Pingamizi nikilikubali linakuwa kanuni ya somo zima, unajua."

"Ninalo." Nehemia alikuwa anatoka jasho. "Hii... hii ina makosa ya tahajia. Ukurasa wa pili, nukta hazipo."

"Hayo napunguza alama mbili. Jingine?"

"Vyanzo ni vya familia moja."

"Wazee wawili si wa familia yako. Jingine, Nehemia?"

Nilikuwa nimesimama natazama kidevu chake. Hicho ndicho nilichokilipia kwa kukaa kwenye viti vyao wiki zote zile. Nilitaka nione anakwenda wapi. Njia zilikuwa mbili tu, anyamaze awe zimwi, au aseme ni utani aivunje kazi yake mwenyewe, na zote nilishaziwekea moto.

Akanitazama. Akatazama kalamu ya Dokta.

"Ni utani!" akapiga kelele. "Dokta, huo ni utani! Bibi yangu ananitania, ndivyo anavyoongea! Wale wazee ni watu wa utani, hawasemi kwa dhati! Na kuna vicheko vimekatwa, huyu amekata vicheko!"

"Ndiyo," nikasema. "Nimevikata. Nimejifunza kwako."

Dokta Mhando aliweka kalamu mezani taratibu sana. Dokta yule si mpumbavu. Nilimwona anarudi nyuma kichwani mwake, kwenye kazi aliyoipa themanini na nne, kazi ya mama mmoja msibani.

"Nehemia," akasema. "Na ile yako?"

Nehemia akavua miwani.

"Nimekuuliza. Yule mama wa Kingoni. Alikuwa anatania?"

"Dokta..."

"Ulijua?"

Mabega yake yalishuka, halafu mwili wote ukashuka. "Nilijua. Zimwi langu la kwanza lilikosa vyanzo, semista ilikuwa inaisha. Nikaona... kila mtu alikuwa anacheka, nikasema nikikitoa kicheko itapita. Nilihitaji kupita, Dokta. Nilijua fika kwamba yule mama hajamla mtu."

"Kha!" Asteria, dada mmoja aliyekuwa anakaa kiti cha mbele, alishindwa kuvumilia. "Kumbe zimwi ni huyu kweli!"

"Umemla mama wa watu," Dokta akamwambia, na sauti yake ile ya filimbi ilikatika. "Kwa ajili ya alama, umemla mama wa watu akiwa hai. Na mimi nikakushikia sahani."

Akafungua kazi ya zamani kwenye kioo cha meza. Akapitisha kalamu katikati ya themanini na nne. Akaandika sifuri. Ukumbi mzima ulisikia kalamu inavyokwaruza. Hapo hapo mama akawa mtu tena.

"Otmar," Dokta akasema. "Pingamizi la Nehemia nimelikubali. Utani si chanzo. Kwa hiyo na yako imeanguka, na nadhani ulijua itaanguka. Nenda nyumbani, mpeleke mama hospitali. Pole sana, baba."

Ningeondoka. Mlango ulikuwa wazi, nje jua zuri. Nilishapata nilichokijia.

Lakini nilimwona Nehemia. Alikuwa anavaa miwani yake. Ameshusha pumzi, unajua? Kama mtu aliyevuka. Cheti kimekwenda, kazi imekwenda, ila kesho atapanda basi, atapita getini, bibi yake atatibiwa, atatafuta kazi nyingine. Nikakumbuka foleni ile ilivyopasuka. Nikakumbuka mama akilitania geti.

"Dokta," nikasema, "nabadilisha vyanzo."

"Vyanzo gani?"

"Sauti tatu za watu walio hai, kwa dhati. Ya kwanza ni yake mwenyewe, amekiri sasa hivi. Ya pili ni dada Asteria. Ya tatu ni yako. Kinasa sauti kipo mezani, na zote zimeingia kwenye kazi yangu. Sikukata kitu."

Asteria akaziba mdomo. Dokta alisukuma kalamu pembeni.

"Usifanye hivi."

"Nimekosea kanuni ipi?"

"Hujakosea. Ndiyo maana nakuomba." Alisogea karibu, akaongea kama tuko wawili. "Mimi nimekula kiapo, Otmar. Kazi ikikamilika siwezi kuikataa, na siwezi kuipa chini ya inachostahili. Nilipomsahihisha Nehemia nilisoma haraka, nina hatia yangu na nitaibeba. Lakini hii nimeisoma. Ukiniachia, nitaandika ukweli, na ukweli huo utafunga milango kwa mtu."

"Alivyofunga yeye."

"Mtani," Nehemia akaita. Alishasimama, mikono imening'inia. "Otmar, Bibi anaishi na mimi. Mimi ndiye ninayempeleka. Unajua hilo. Ulikaa naye."

Nilijua. Nilikaa kwenye kigoda chake. Bibi alinipa mkono wakati natoka, mwepesi kama bawa la kuku, akaniambia nimsalimie mchawi mwenzake. Hilo lote lilinipitia, na sitaki mtu aseme sikulifikiria. Nililifikiria. Nikalisukuma pembeni.

"Ungemwomba mama yangu radhi kwanza," nikamwambia, "kabla hujamtaja bibi yako."

Nikaiweka kazi mbele ya Dokta.

Aliandika tisini na moja. "Ni kazi bora kuliko zote zilizowahi kupita hapa," akasema, kama anatema kitu kichungu, na hakunitazama tena.

*

Asubuhi tulikuwa getini mapema. Mama alijichongea gongo, alikataa kubebwa. Alijipaka mafuta, akavaa gauni la kanisani.

"Karibu, Kreszensia Ngonyani," geti likasema, likafunguka lote.

"Leo umeshiba mbwa," mama akaliambia, akavuka. Nikavuka nyuma yake. Nilitamani foleni nzima ione, na ilikuwa inaona.

Ndipo geti likaongea tena nyuma yetu, kwa sauti ile ile nzuri.

"Nehemia Kihwele, Ghala linakutambua kama zimwi, aina ya mla ndugu. Kwa usalama wa wagonjwa na wazee, tafadhali rudi nyuma. Samahani kwa usumbufu."

Alikuwa amembeba Bibi mgongoni, kwa khanga, kama mtoto. Basi lilishawakataa, maana viatu vyake vilikuwa vyekundu vumbi tupu. Bibi midomo imekuwa ya bluu. Watu wakasogea mbali naye, nikaangalia wanavyosogea. Kwa muda mfupi, sikatai, nilisikia raha mpaka kwenye vidole.

"Otmar," akasema. Hakupaza sauti. "Mpokee Bibi. Mimi nitakaa nje."

Nikarudi nikampokea. Alikuwa hana uzito kabisa. Nikamfunga mgongoni, Nehemia akanisaidia kukaza khanga, vidole vyake vinagusa vyangu.

"Nitakaa hapa mpaka lini?" akaniuliza.

"Mpaka mtu aandike kazi ya kukusafisha."

"Andika wewe. Wewe unajua yote."

"Nimeshaacha chuo," nikamwambia. "Tangu jana."

Nilidhani mama ameshafika kwa daktari. Nilipogeuka alikuwa amesimama nyuma yangu na gongo lake, amesikia kila kitu. Aliniangalia kama anajaribu kukumbuka amenionea wapi. Halafu akanipita. Geti likamfungukia, akatoka nje, akamfuata Nehemia ukutani, akakaa chini kwa shida, mguu mbovu ameunyoosha juani. Nehemia akawa hajui asimame au akae.

"Kaa, mla mbwa," akamwambia. "Unanizibia jua."

"Mama!" nikaita. "Mama, mguu! Daktari anasubiri!"

"Mguu ni wangu."

"Huyu ndiye aliyekufungia!"

"Najua aliyenifungia mimi. Sasa niambie aliyemfungia yeye." Akaweka gongo mapajani. "Mtani wangu akiwa nje, mimi siingii. Nenda kampeleke huyo bibi atibiwe, halafu utajua pa kwenda."

Nzi alitua kwenye kitambaa cha mguu wake. Hakumfukuza. Nehemia ndiye aliyemfukuza, kwa mkono.

Mimi nilibaki katikati ya geti. "Tafadhali sogea," likasema. "Tafadhali sogea. Unazuia njia." Mbele korido ndefu nyeupe, nyuma mama. Shingoni pumzi ya Bibi Kihwele ilikuwa inakuja kidogo kidogo, yenye joto.

"We zimwi," akaninong'oneza sikioni. "Unaniingiza au unanirudisha?"

Nikasubiri acheke.